Mtoto Maisha na Mlango wa Aljebra



Kila mwaka, matokeo ya darasa la nane yanapotangazwa, maneno yale yale husikika katika nyumba zetu: huyu ni wa hesabu, yule si wa hesabu. Husemwa kwa wepesi, kama mtu anayetaja rangi ya nguo. Lakini baada ya maneno hayo mtoto mmoja huelekezwa kwenye sehemu ya sayansi, mwingine huelekezwa kwingine, na ni wachache wanaorudi kuuliza hukumu ile ilitolewa na nani, wala kwa kipimo gani.

Sisi tuliosomea ualimu tunakiri kwamba hukumu hiyo tumeitoa mara nyingi. Tuliwaketisha mbele wale waliojibu upesi, tukawaita wao peke yao ubaoni. Wale wa nyuma tuliwaambia wazazi wao wawatafutie ufundi, kana kwamba seremala hapimi pembe na fundi wa nyumba hahesabu mifuko ya simenti. Tulidhani tunatambua vipaji. Huenda tulikuwa tunafunga milango tu.

Ndiyo maana leo tunapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyeukuta mlango wa namna hiyo umefungwa mbele ya binti yake, akaufungua, kisha akakataa kumpitisha binti yake peke yake. Ni habari ya Marekani, lakini inapitia Afrika yetu ya mashariki, na binti mwenyewe ana jina la Kiswahili.

Kura na kusoma

Robert Parris Moses, aliyejulikana kwa jina la Bob, alizaliwa Harlem, katika jiji la New York, tarehe 23 Januari 1935. Alisoma falsafa, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1957, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha hisabati katika shule moja ya New York. Angeweza kubaki hapo na kuishi kwa utulivu. Lakini mwaka 1960, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru, aliona katika magazeti picha za wanafunzi weusi wa kusini mwa Marekani walioketi katika mikahawa iliyokataa kuwahudumia. Nyuso zao zilimgusa, naye akashika safari ya kusini.

Katika jimbo la Mississippi alikutana na mzee mmoja aliyeitwa Amzie Moore. Mzee huyo alimfahamisha kwamba haja kubwa ya watu wake haikuwa kuketi mkahawani, bali kupiga kura. Wakati ule, katika kila watu weusi mia moja wa Mississippi waliotimiza umri wa kupiga kura, walioandikishwa hawakufika kumi. Sheria haikusema waziwazi kwamba mtu mweusi asipige kura. Ilisema kwamba anayetaka kuandikishwa lazima asome kifungu cha katiba ya jimbo na kukifafanua mpaka karani aridhike. Karani alikuwa mzungu, na hakuridhika ila alipopenda mwenyewe.

Hebu tazameni ujanja wa jambo hilo. Wakulima wale walifanya kazi katika mashamba ya pamba ya watu wengine na kulipwa sehemu ndogo ya mavuno. Watoto wao walipewa shule duni, na msimu wa pamba ulipofika shamba liliwaita kuliko darasa. Kisha mtoto huyo alipokua, aliambiwa: huwezi kuchagua viongozi kwa kuwa hujui kusoma. Inasimuliwa kwamba siku moja mahakamani Moses aliulizwa na jaji kwa nini wanawapeleka watu wasiojua kusoma kujiandikisha. Jibu lake, tukilieleza kwa maneno yetu, lilikuwa hili: nchi haiwezi kumnyima mtu shule, halafu igeuke na kumnyima kura kwa sababu hakupata shule.

Kazi hiyo ililipiwa kwa damu. Mwezi wa Agosti 1961 Moses alipigwa na kujeruhiwa kichwani katika mji mdogo uitwao Liberty, jina ambalo maana yake ni Uhuru. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, mkulima Herbert Lee, aliyekuwa akimsaidia, aliuawa kwa risasi na mbunge wa jimbo. Mwezi wa Juni 1964 vijana watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa pamoja. Hata hivyo, katika majira yale ya joto vijana wengi wa kujitolea walifika Mississippi, wakaandikisha watu na kufungua madarasa yaliyoitwa Shule za Uhuru. Mwaka 1965 sheria ya nchi nzima ya haki ya kura ilipitishwa, na kile kipimo cha kusoma kikaondolewa katika majimbo kama Mississippi.

Kutoka Same hadi Cambridge

Baadaye Moses aliitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, ingawa umri wake ulikuwa umepita ule wa kawaida wa kuitwa. Hakukubali kwenda. Mwaka 1966 aliondoka Marekani na kuishi Kanada, na mwaka 1969 yeye na mkewe Janet walihamia Tanzania. Huko, katika mji wa Same chini ya milima ya Upare, alifundisha hisabati katika shule ya sekondari hadi mwaka 1976. Watoto wao watatu kati ya wanne walizaliwa katika nchi hiyo. Binti wa kwanza waliyempa jina la Maisha ndiye aliyekuja kuwa chanzo cha habari yetu.

Familia iliporudi Marekani ilikaa Cambridge, karibu na Boston, na Moses akarudi Harvard kusomea falsafa ya hisabati. Jioni alikuwa akiwafundisha watoto wake hesabu nyumbani. Kama mjuavyo, mtoto hapendi kufundishwa na baba yake baada ya kufundishwa na mwalimu wake. Maisha alichoka kuwa na hesabu mbili, moja ya shule na nyingine ya nyumbani. Mwaka 1982 alipoingia darasa la nane, baba yake alijua yuko tayari kwa aljebra, lakini shule yake haikuwa na somo hilo.

Huenda mtauliza, mwaka mmoja una nini? Katika shule za Marekani hisabati hupandwa kama ngazi. Anayemaliza aljebra katika darasa la nane huanza jiometri katika la tisa, hufuata aljebra ya pili katika la kumi, matayarisho katika la kumi na moja, na katika la kumi na mbili hufika kwenye kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko ambayo uhandisi na sayansi nyingi huijengea. Anayechelewa kukanyaga kipago cha kwanza humaliza sekondari kabla hajafika juu. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na tatu alikuwa akiamuliwa ikiwa atakuwa mhandisi, na wala hakujua kwamba siku hiyo kuna jambo linaloamuliwa.

Moses alimwomba mwalimu wa darasa amruhusu Maisha akae pembeni na kufanya kazi ya aljebra peke yake. Mwalimu yule alikubali, lakini aliongeza ombi lake: afadhali baba aje mwenyewe darasani, amfundishe Maisha pamoja na wenzake kadhaa. Moses akaja. Mwaka huo huo alikuwa ametunukiwa msaada wa taasisi ya MacArthur, unaompa mtu riziki ya miaka kadhaa ili afuate kazi anayoiona yafaa, naye akauona wajibu wake katika chumba kile. Mwisho wa mwaka, Maisha na wenzake waliofanya mtihani wa aljebra wa mji waliushinda, na walikuwa wa kwanza kutoka shule ile.

Baba mwingine angeshukuru na kurudi kwenye vitabu vyake. Moses alitazama upande wa pili wa darasa. Watoto walikuwa wamegawanywa makundi kwa uwezo; kundi la juu lilijaa watoto weupe wa wazazi wenye kazi za heshima, na kundi la chini lilijaa watoto weusi na watoto wa maskini. Hakuna sheria iliyoagiza hivyo, kama vile Mississippi hakuna sheria iliyosema kwamba mtu mweusi asipige kura. Kipimo ndicho kilichofanya kazi hiyo kimyakimya. Moses aliitambua sura ile, kwa maana alikwisha kuiona kwenye meza ya karani. Katika zama za kompyuta, aliamua, asiyejua lugha ya alama za hisabati atakuwa kama mkulima asiyejua kusoma mwaka 1961: atafanya kazi, lakini hatakuwa na sauti.

Swali waliloulizwa wazazi

Katika miaka iliyofuata wazazi wa shule ile waliulizwa kwa barua mambo mawili: je, mtoto wako afundishwe aljebra? Na je, watoto wote wafundishwe? Majibu yalifunua moyo wa mwanadamu. Wazazi walitaka watoto wao wenyewe wafundishwe, lakini wengi hawakuona kwamba kila mtoto anaiweza. Kila mmoja alimwona wa kwake kuwa anafaa, na wa jirani kuwa wa kutiliwa shaka. Walipokutana na kuyaweka majibu yao pamoja, waliona kwamba hayawezi kuwa kweli yote kwa mara moja. Kutokana na mazungumzo hayo shule ilikubali kuwafungulia watoto wote mlango.

Lakini mlango ukifunguliwa, mtoto aliyezoea kukaa nje haingii mara moja. Kwa hiyo watoto waliombwa wajiwekee malengo wao wenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya jirani walikuja asubuhi kusoma pamoja nao kabla ya masomo. Jumamosi wazazi nao walifunguliwa darasa la aljebra, na mama aliyeacha shule zamani akaweza kukaa na mwanawe mezani bila aibu. Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa Mradi wa Aljebra.

Treni, swali la pili, na alama

Ilibaki shida ya ufundishaji wenyewe. Moses aligundua kwamba mtoto anayetoka shule ya msingi amezoeshwa swali moja tu kuhusu namba, nalo ni: ngapi? Mangapi machungwa, ngapi faranga. Aljebra huleta swali la pili: upande gani? Mtoto asiyelisikia swali hilo la pili haelewi namba hasi ni kitu gani. Hubaki akikariri kanuni, na kanuni ikimtoroka katika mtihani hana pa kuishika.

Basi Moses aliwapandisha wanafunzi wake treni ya chini ya ardhi ya Boston, wasafiri kituo hadi kituo. Waliporudi, walichora safari yao. Kisha waliisimulia kwa maneno ya kila siku, kama watu wanavyoongea njiani. Halafu waliyachagua maneno yale yaliyobeba maana, yaani mwanzo, mwisho, idadi ya vituo, na upande wa mwendo, wakayapanga katika sentensi zilizonyooka. Mwisho kabisa ndipo walipotunga alama za kuziandika sentensi hizo kwa ufupi. Hatua ni tano: tukio, picha, maneno ya kawaida, maneno yaliyopangwa, alama. Ile hatua ya kuyapanga maneno alijifunza kutokana na mwanafalsafa Quine wa Harvard. Safari alijifunza katika maisha ya watoto.

Tuone jinsi inavyofanya kazi. Tukikiita kituo cha Central sifuri, basi kuelekea katikati ya Boston kituo cha Kendall ni 1, Charles ni 2, Park Street ni 3. Kwa upande mwingine, Harvard ni −1 na Porter ni −2. Mtu anayetoka Harvard kwenda Park Street amesafiri vituo vingapi, na kwa upande gani? Tunachukua mwisho na kutoa mwanzo: 3 − (−1). Mtoto akihesabu kwa kidole juu ya picha yake, ataona vituo vinne kuelekea mjini. Basi 3 − (−1) = 4. Hakuna aliyemwambia kwamba kutoa hasi ni kujumlisha. Ameliona kwa macho yake, na kesho akisahau ataweza kulitafuta upya.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mna barabara zenu. Anayeishi kusini mwa Kivu aifikirie njia ya kutoka Bukavu hadi Uvira. Aiite Luvungi sifuri. Sange iwe 1 na Uvira iwe 2. Nyuma, Kamanyola iwe −1 na Nyangezi iwe −2. Amuulize mdogo wake: abiria aliyetoka Kamanyola na kushuka Uvira, safari yake ni namba gani? Na aliyetoka Uvira akashuka Nyangezi? Mtoto atakayejibu la pili akatamka mwenyewe kwamba namba hiyo lazima iwe hasi, kwa sababu gari limegeuka, huyo ameanza aljebra, hata kama hajui kwamba ndivyo inavyoitwa.

Kazi iliyorudi Mississippi

Katika miaka ya 1990 Moses alirudi Mississippi, safari hii akiwa na chaki. Alifundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Lanier, mjini Jackson. Mwaka 1996 vijana waliolelewa katika mradi, wakiwemo watoto wake, walianzisha chama chao cha vijana ambamo wanafunzi wa sekondari huwafundisha wadogo zao hisabati. Mwaka 2001 yeye na Charles Cobb, mwenzake wa siku za kura, walichapisha kitabu kiitwacho Radical Equations, kinachoziweka habari hizo mbili pamoja, ya kura na ya aljebra. Alifariki tarehe 25 Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 86.

Hatutawadanganya kwamba mradi huo ulimaliza ubaguzi wa shule za Marekani. Haukuumaliza. Ulihitaji walimu wenye subira, fedha, na wazazi wasiochoka, na pale vitu hivyo vilipokosekana kazi ilisimama. Lakini ulithibitisha jambo moja, kwamba wengi wa wale tunaowaita watoto wasio wa hesabu ni watoto ambao hakuna aliyewaanzisha safari mahali walipo.

Nasi kwetu

Wazee wetu waliijua ngazi iliyokatwa. Shule ya wakati wa ukoloni ilikuwa na madarasa mengi ya chini na machache mno ya juu. Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, kilianzishwa mwaka 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru. Mtu mwenye akili aliweza kuwa karani au msaidizi wa mganga, na hapo kipago kikaishia. Leo hakuna mkoloni anayetukataza. Basi tujihadhari tusiwe sisi wenyewe wale makarani wa Mississippi, tunaoketi mezani na kuridhika tunapopenda.

Kumtayarisha mtoto kwa hisabati ya juu hakuanzi mwaka wa mtihani wa Serikali, wala hakuanzi kwa kununua kitabu kinene. Kunaanza mapema, samaki angali mbichi, pale anapopima unga sokoni pamoja na mama yake, anapogawa mkate kwa nduguze, anapohesabu vituo vya gari. Kunaendelea anaporuhusiwa kueleza kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kudaiwa alama za kitabu. Na kunahitaji mtu mkubwa kidogo kuliko yeye, anayekaa naye bila kumcheka. Katika parokia zetu mtu huyo yupo. Ni ninyi. Aliye katika mwaka wa tatu wa sekondari anaweza kumsaidia wa darasa la saba; wa darasa la saba anaweza kumsaidia wa la tano. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nasi walimu wa zamani tunajifunza kwa kuchelewa. Mtoto aliyekuwa akiketi nyuma katika darasa letu leo ni mtu mzima, na hatuwezi kumrudishia miaka yake. Lakini mdogo wake, au mwanawe, yupo sasa katika benchi lile lile, na mwaka wa nane unamjia.

Kwa mazungumzo ya kikundi, tunawaachia maswali matatu:

1. Ni nani katika mtaa wetu aliyeambiwa kwamba si wa hesabu? Aliambiwa na nani, na akiwa na umri gani?

2. Wazazi wa Cambridge walimwamini kila mmoja mtoto wake, wakamtilia shaka wa jirani. Je, sisi tungejibu vipi barua ile?

3. Ni saa ngapi kwa juma ambazo wakubwa wa kikundi chetu wanaweza kuwatolea wadogo, na tutaanza siku gani?